Afadhali karantini ya wote kuliko orodha inayobadilika usiku

Jumamosi jioni, tarehe 25 Julai 2020, katikati ya janga la UVIKO-19 (korona), serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba kila atakayerudi kutoka Uhispania kuanzia saa sita usiku huohuo atajifungia nyumbani siku 14. Walioondoka kwao wakiwa wameambiwa Uhispania haina shida walibaki na saa chache tu za kuamua. Waziri wa uchukuzi mwenyewe, Grant Shapps, alikuwa hukohuko likizoni. Wiki tatu baadaye ikawa zamu ya Ufaransa: tangazo lilitoka usiku wa tarehe 13 Agosti, sheria ikaanza saa kumi alfajiri ya tarehe 15, na hapo katikati watu wakagombania feri kama hakuna kesho.

Msimamo wangu ni huu: kwa mtu anayekwenda nje kupumzika, sheria ngumu isiyobadilika, inayomgusa kila anayevuka mpaka, ni nafuu kuliko orodha ya nchi nzuri na nchi mbaya. Ukijua mapema kwamba kurudi kutakugharimu siku 14 za kukaa ndani, unapiga hesabu ya siku zako za kazini, unaona zinatosha au hazitoshi, unaamua. Orodha haihesabiki. Mfumo wa rangi ambao Uingereza iliuanza tarehe 17 Mei 2021 ulikuwa ukipitiwa upya kila wiki tatu. Ureno ilikuwa ya kijani siku ya kwanza, yaani kurudi bila karantini; kufikia tarehe 8 Juni imeshakuwa ya njano, yaani karantini ya nyumbani. Aliyekata tiketi kwa kuiamini ile kijani hakuwa mzembe.

Hizo siku 14 zenyewe zilikuwa na msingi. Kirusi cha mwanzo kilichukua wastani wa kama siku 5 tangu mtu aambukizwe hadi aanze kuugua, na karibu wote waliougua walikuwa wameshaonyesha dalili kufikia siku ya 12. Siku 14 ni hizo 12 pamoja na akiba kidogo. Ndiyo maana kipimo kimoja kabla ya safari hakikutosha kamwe. Aliyeambukizwa Alhamisi, akatoa sampuli Ijumaa, atapewa majibu hasi na majibu yatakuwa ya kweli, kwa sababu virusi puani bado ni vichache mno kuonekana. Jumatatu anatua na cheti safi huku akiambukiza wenzake. Vipimo vya siku ya 2 na ya 8 baada ya kufika vilikuwa na maana zaidi: cha kwanza kinamnasa aliyepanda ndege na ugonjwa, cha pili kinamnasa aliyeupata njiani.

Upande wa pili wa PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya kirusi, ndio uliowatesa waliokwisha kupona. Kipimo hiki huokota mabaki ya kirusi wiki nyingi baada ya mtu kuacha kuambukiza, kwa hiyo mzima wa afya aliweza kukwama ugenini kwa majibu chanya ya ugonjwa wa mwezi uliopita. Marekani ililiona hilo ikaruhusu majibu chanya yasiyozidi siku 90 yakiambatana na barua ya daktari kuthibitisha kupona. Umoja wa Ulaya ulikuwa na cheti chake cha kupona, kilichodumu siku 180. Aliyeugua karibuni, jambo la kwanza lilikuwa kuitafuta barua hiyo kabla ya kuondoka. Kuipata kwa simu ukiwa nchi nyingine, Jumapili, ndege ikiondoka kesho yake, ilikuwa kazi kwelikweli.

Tukija kwenye saa, hapa ndipo wengi walipokwama bila kuvunja sheria yoyote. Nchi nyingi zilidai kipimo cha ndani ya "saa 72". Saa hizo zilianza lini na ziliishia wapi? Zilianza sampuli ilipochukuliwa. Siku ya kupata majibu haikuhusika. Ziliishia, kutegemea nchi, ulipopanda ndege ya kwanza, ulipopanda ya mwisho, au ulipofika mpakani. Tuchukulie saa za nchi zote mbili ni zilezile. Sampuli imechukuliwa Ijumaa saa nne asubuhi, muda unaisha Jumatatu saa nne asubuhi. Ndege inaondoka Jumapili saa tano usiku na kutua Jumatatu saa tatu asubuhi. Kama sheria inahesabu hadi kuondoka, una saa kumi na moja za akiba. Kama inahesabu hadi kufika, una saa moja, na ndege ikichelewa saa mbili cheti chako kimekufa hewani. Marekani ilikwepa balaa hili kwa kuhesabu siku za kalenda badala ya saa, siku 3 kabla ya kuondoka, hadi ilipozikaza kuwa siku 1 tarehe 6 Desemba 2021. Ni tofauti ndogo kwenye karatasi, lakini iliokoa wengi.

Siku za karantini nazo zilikuwa na hila yake. Waliotoka nchi za orodha nyekundu, zile za hatari kubwa, Uingereza iliwaweka karantini hotelini, na siku ya kutua ilihesabiwa sifuri, kwa hiyo "siku 10" hotelini zilikuwa usiku 11. Bei ilianza pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja Februari 2021, ikapanda hadi 2,285 tarehe 12 Agosti. Mtu mzima wa pili ndani ya chumba hichohicho alipandishwa kutoka pauni 650 hadi 1,430. Kwa mume na mke, hiyo ni bei ya likizo nyingine nzima.

Anayekukagua kwanza si afisa wa uhamiaji. Ni mhudumu wa kaunta ya shirika la ndege, na ana haraka, kwa sababu shirika likimbeba asiye na karatasi sahihi linapigwa faini na kulazimika kumrudisha. Yeye husoma sheria kwenye Timatic, mfumo wa IATA, chama cha mashirika ya ndege, na kama Timatic bado inaonyesha sheria ya jana, utabishana naye huku foleni ikinung'unika nyuma yako. Enzi za UVIKO-19 aliangalia jina kama liko sawasawa na la pasipoti, tarehe na saa ya sampuli, aina ya kipimo, jina la maabara, na lugha anayoielewa. Herufi moja ya jina ikipungua, umeshaingia kwenye maelezo marefu. Cheti cha karatasi kilichochapishwa, pamoja na ukurasa wa sheria wenye tarehe, vilimaliza ubishi mwingi kuliko simu yenye chaji asilimia nne.

Halafu kuna nchi ya kupitia. Orodha nyekundu ya Uingereza iliangalia siku 10 zilizotangulia kufika kwako, hata kama ulikaa tu uwanjani kusubiri ndege nyingine. Marekani iliwazuia wageni waliokanyaga eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana mipakani, ndani ya siku 14, na zuio hilo lilidumu hadi tarehe 8 Novemba 2021. Watu wakajifunza kwenda kukaa siku 14 nchi ya tatu, mara nyingine yenye maambukizi kuliko walikotoka, kisha wakaingia Marekani bila kuvunja sheria. Zuio la nchi moja moja huzalisha safari za namna hiyo. Karantini ya wote haina mlango wa nyuma, kwa sababu haiulizi umetoka wapi.

Chanjo ilitegemewa kumaliza fujo hii. Masharti ya kawaida yalikuwa zipite siku 14 tangu dozi ya mwisho, na hapo hapakuwa na ugumu. Ugumu ulianza pale cheti kilipokubaliwa au kukataliwa kutegemea kiwanda na nchi. Covishield ni chanjo ya AstraZeneca iliyotengenezwa India, ila mwanzoni haikuwa kwenye orodha ya Umoja wa Ulaya, na ikabidi kila nchi mwanachama iamue kivyake. Linganisha na homa ya manjano: cheti kimoja, kinaanza kutumika siku ya 10 baada ya chanjo, na tangu tarehe 11 Julai 2016 kinadumu maisha yote. Huulizwi uliipata nchi gani.

Aibu kubwa zaidi ilikuwa ya Omicron. Wanasayansi wa Afrika Kusini waliitoa taarifa ya aina hiyo mpya ya kirusi tarehe 24 Novemba 2021. Siku mbili baadaye nchi sita za kusini mwa Afrika zilikuwa zimefungiwa na Uingereza, baadaye zikafika 11. Kisha Uholanzi ikagundua kwamba sampuli zake za tarehe 19 na 23 Novemba zilikuwa na Omicron tayari. Tarehe 15 Desemba nchi zote 11 zikatolewa kwenye orodha nyekundu, maana ugonjwa ulikuwa umeshaenea ndani. Aliyetoa taarifa mapema ndiye aliyeadhibiwa, na siku nyingine atafikiri mara mbili.

Siyo kwamba kufunga mipaka hakufai. New Zealand ilifunga kwa karibu wageni wote tarehe 19 Machi 2020 na ikanunua muda ambao wengine hawakuupata. Lakini ilifunga mapema, ilifunga kwa wote, na hata hivyo ililipa: raia wake walishindania vyumba vya karantini kwa bahati nasibu, na Aprili 2022 Mahakama Kuu yake ikasema mfumo ule uliminya haki ya baadhi yao kurudi nyumbani.

Kuhusu pesa, kanuni muhimu ni moja: usiwe wa kwanza kuvunja safari. Kwa sheria ya Ulaya, EC 261, shirika likifuta ndege linapaswa kukurudishia nauli ndani ya siku 7, na vocha ni kwa hiari yako. Ukijiondoa mwenyewe, unarudi kwenye masharti ya tiketi. Penye utata ni pale ndege inaporuka lakini wewe sheria imekukataza kusafiri. Mamlaka ya ushindani ya Uingereza, CMA, ilichunguza jambo hilo Juni 2021 na kufunga jalada Oktoba, kwa sababu sheria haikuwa wazi vya kutosha kulipeleka mahakamani. Safari ya kifurushi ina kinga bora, maana mwandaaji akiivunja hurudisha fedha zote ndani ya siku 14. Bima nyingi nazo hazilipi tukio lililokuwa limeshajulikana ulipoinunua, wala safari ya kwenda mahali ambapo serikali yako imeshauri watu wasiende. Hivyo inunue siku unayokata tiketi.

Wapo watakaosema kirusi hakisubiri notisi. Tarehe 11 Machi 2020 Marekani ilitangaza zuio la Ulaya litakaloanza baada ya siku mbili. Raia wake, ambao zuio halikuwahusu, walikimbilia ndege kwa woga, na tarehe 14 wakabanana kwa saa nyingi kwenye kumbi za uwanja wa O'Hare, Chicago, bila nafasi ya hata hatua moja kati yao. Notisi fupi huzalisha msongamano, na msongamano ndio kirusi kinachoutaka. Aliye safarini tayari ahukumiwe kwa sheria ya siku aliyoondoka, akirudi apimwe na akae nyumbani. Sheria mpya imshike ambaye hajaondoka. Kanuni za Afya za Kimataifa zinaitaka nchi iiarifu WHO, Shirika la Afya Duniani, ndani ya saa 48 tangu ianze kuzuia wasafiri. Muda wa kumtangazia msafiri mwenyewe kabla ya hapo haukuwekwa.