Mkalimani Aliyemezwa na Giza

Likizo iliyopita nilikwenda kutazama igizo Dar es Salaam. Waandaaji walikuwa wamemleta mkalimani wa lugha ya alama, nikafurahi mno. Ikafika sehemu ya usiku, taa zikashushwa, jukwaa likabaki na buluu hafifu, na mkalimani aliyewekwa kule pembeni akamezwa na giza. Vijana viziwi wa safu ya pili wakawasha tochi za simu kummulika mikono. Mhudumu wa ukumbi akaja mbio, akawaamuru wazime. Wakazima. Wakakaa hivyo, bila kuambulia neno, mpaka taa ziliporudi.

Kazi yangu ni hiyo ya taa. Nilisomea Bagamoyo, na huu ni mwaka wa tisa niko Rochester, jimbo la New York, nikiwafundisha wanachuo viziwi kubuni mwanga na mandhari ya jukwaa. Mji huu ndiko iliko NTID, taasisi ya ufundi ya viziwi iliyopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1968.

Jambo la kwanza ninalowafundisha: kwa kiziwi, ukizima taa umemfunga mtu mdomo. Kwa hiyo usiku wa jukwaani tunauleta kwa rangi. Nyuma unamwaga buluu nzito, mbele unabakiza mwanga mpole kutoka pande mbili, pembe ya nyuzi 45 hivi, ili uso na vidole visomeke. Ukimmulika mwigizaji kwa nyuma peke yake unapata kivuli kizuri kisichosema kitu. Ukuta wa nyuma usiwe na maua-maua. Nguo ipishane na rangi ya ngozi. Meza isiwe ya juu mno ikaziba mikono.

Nami nilijifunza upya kufundisha. Mwanzoni nilikuwa nikielekeza taa huku naeleza kwa mikono. Wanafunzi wakawa hawajui watazame mikono au taa. Siku hizi naeleza, natulia, ndipo naigusa taa. Tukipanda ngazi, spana tunaifunga kamba mkononi, na chini hapiti mtu, maana hakuna wa kumpigia kelele "kaa chonjo!". Kwenye kumbi za wanaosikia, msimamizi wa jukwaa huongea na mafundi wake kwa visikilizio vya masikioni. Sisi tuna balbu ndogo: ikiwaka, jiandae, ikizimika, fanya.

Nikisimulia haya nyumbani naambiwa, huko wana pesa. Kweli wanazo. Lakini balbu ile na swichi yake zinapatikana Kariakoo. Kinachowabeba viziwi wa huku ni kwamba walidai siku nyingi kuhesabiwa kuwa watu wenye akili zao. Gallaudet, chuo chao kikuu cha Washington, kipo tangu 1864, na mwaka 1988 wanafunzi walikifunga chuo mpaka kikapata rais wa kwanza kiziwi. Na kundi la maigizo la National Theatre of the Deaf lilianzishwa mwaka 1967 na David Hays, mtu wa mandhari na taa kama mimi. Kwetu shule ya kwanza ya viziwi ilifunguliwa Tabora mwaka 1963, si jana. Lakini mpaka leo kijana kiziwi akimaliza shule tunamsukumia ushonaji au useremala, kana kwamba akili yake inaishia hapo. Linaniuma sana.

Na huo useremala wenyewe ni mtaji. Wanafunzi wangu wengi hufika chuoni hawajawahi kushika msumeno. Wiki nzima nzima zinaishia kwenye kupima ubao. Vijana wetu wa vyuo vya ufundi wangesimamisha nyumba ya jukwaani huku hawa wangali wanatafuta penseli. Tena michezo yetu mingi huchezwa uwanjani, mchana, watu wameketi duara: kiziwi anaona kila mkono, na ngoma ikilia anaipata kifuani.

Desemba nakuja. Waya, swichi na balbu nitanunua mwenyewe. Natafuta ukumbi, Dar au Bagamoyo, utakaonipa jukwaa kwa wiki mbili pamoja na vijana viziwi sita. Mkalimani naye awepo. Asimame wapi na amulikwe vipi, watapanga wao.