"Mama, Huyu Mwanao Amesomea Udaktari?"

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu kliniki ya presha, katika hospitali ambayo sitaitaja kwa kuwa yaliyotupata pale yangeweza kutupata popote. Daktari alikuwa amekwisha kuvuta dawa kwenye bomba la sindano nilipomwuliza, kwa adabu zangu zote, kwamba ile ni dawa gani na ni ya nini. Hakunijibu mimi. Alimgeukia shangazi akasema, "Mama, huyu mwanao amesomea udaktari?" Shangazi aliinamisha macho, akapandisha mkono wa gauni, akachomwa. Tulipopanda daladala alinigombeza njia nzima kwamba nimemwaibisha daktari wa watu. Usiku huo nilimkumbuka Harold Shipman.

Shipman alikuwa daktari wa familia huko Hyde, mji mdogo karibu na Manchester, na wagonjwa wake walimsifu kwa sababu aliwafuata hadi majumbani mwao. Wengi wa aliowaua walikuwa bibi wazee walioishi peke yao, ambao walikutwa wamekaa kwenye viti vyao, wamevaa nguo za kutwa, kana kwamba usingizi umewapitia baada ya chakula cha mchana. Kilichowaua ni dayamofini, dawa kali ya maumivu ambayo kwa jina lake la mitaani ndiyo heroini, na cheti cha kifo kilijazwa na mkono uleule ulioshika sindano.

Kukamatwa kwake hakukutokana na umahiri wa mtu yeyote aliyelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Juni 24, 1998 alifariki Kathleen Grundy, mwenye umri wa miaka 81, aliyewahi kuwa meya wa Hyde, na baada ya maziko ukajitokeza wosia uliompa daktari mali yake yote, kiasi cha pauni 386,000. Binti yake alikuwa mwanasheria, naye ndiye aliyekuwa akimshughulikia mama yake mambo ya aina hiyo, hivyo hakuhitaji kuusoma mara mbili. Mwili ulifukuliwa, dayamofini ikapatikana, taipureta iliyochapa wosia ikakutwa kwa Shipman, naye akakamatwa Septemba 7. Mtu aliyeua kwa zaidi ya miaka 20 akaangushwa na karatasi iliyochapwa ovyo. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma. Hapa mauti yalitangulia, tena yalikuwa ya watu wengine.

Hata hivyo, linalonichoma mimi ni kwamba kabla ya wosia ule walikuwapo watu waliojua. Dereva wa teksi aliyezoea kuwapeleka bibi wale sokoni na hospitalini aliona abiria wake, waliokuwa wazima wiki iliyotangulia, wakifa mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa wa daktari mmoja. Aliandika majina yao na akanyamaza, kwa kuhofia kwamba hakuna atakayemwamini dereva teksi dhidi ya daktari. Familia iliyokuwa ikiendesha huduma za mazishi nayo iliona maiti wa Shipman wanavyofanana mno, na mmoja wao akamwendea yeye mwenyewe kumwuliza, akahakikishiwa kuwa hakuna la kuhofia. Hatimaye, Machi 1998, daktari wa kliniki ya jirani alipeleka wasiwasi huo kwa mamlaka inayochunguza vifo. Polisi walichunguza bila hata kutazama kama mtuhumiwa amewahi kutiwa hatiani. Wangetazama, wangekuta kwamba mwaka 1976 alipatikana na hatia ya kughushi karatasi za dawa ili ajipatie pethidini, dawa ya maumivu inayolevya, ya kujidunga, akatozwa faini ya pauni 600, kisha akarudi kutibu watu. Jalada lilifungwa Aprili 17. Baada ya hapo aliua watu watatu zaidi, na Bi Grundy ndiye wa mwisho.

Sasa niambieni, dereva yule alikosa nini? Ushahidi alikuwa nao. Alichokosa ni mtu wa kumsikiliza bila kumwuliza amesomea wapi.

Januari 31, 2000, mahakama mjini Preston ilimtia hatiani kwa mauaji ya watu 15 na kwa kughushi wosia, akapewa kifungo cha maisha. Hakukiri. Januari 13, 2004 alijinyonga katika gereza la Wakefield, akaziacha familia bila jibu. Tume ya Jaji Janet Smith ilithibitisha wahanga 215, na ikakadiria kuwa huenda wote walifika 250 tangu mwaka 1971.

Wanaopenda habari za wauaji hubishana hadi leo kuhusu kilichokuwa kichwani mwake, wabishane. Urithi wake halisi umo kwenye makaratasi. Tangu Septemba 9, 2024, kila kifo nchini Uingereza na Wales ambacho hakipelekwi kwenye uchunguzi wa kisheria hupitiwa na daktari mwingine asiyehusika na tiba ya marehemu, na wafiwa hupewa nafasi ya kusema lolote linalowatia shaka. Yaani taifa zima, lenye tume, majaji na ripoti sita, lilihitaji miaka 26 tangu Shipman akamatwe ili kuweka katika sheria kwamba ndugu wa marehemu anaweza kuwa na swali la maana!

Najua mtakachoniambia. Madaktari wengi ni waungwana, yule wa kliniki yetu alikuwa na foleni inayofika getini, na sindano ile haikumdhuru shangazi hata kidogo. Nakubali, kwa shingo upande. Simfananishi na muuaji. Nauliza tu ingempunguzia nini kutaja jina la dawa, jambo la sekunde tatu, kwa mwanamke mwenye miaka 71 ambaye dawa hiyo inaingia mwilini mwake.

Kliniki yake nyingine ni Alhamisi. Ameniomba, kwa upole, nimwachie binamu yangu ampeleke.