Mchoraji aandikwe kwenye devi, asiitwe siku ya mwisho

Shule mpya ikikaribia kumalizika hapa Lubumbashi, mara nyingi mambo huenda hivi: mabati yamepigwa, vioo vimetiwa, mkubwa ametangazwa kuja kukata utepe, na wiki moja kabla ya sherehe ndipo mtu anakumbuka kwamba ukuta wa mbele uko mtupu. Mchoraji anaitwa mbio, anapewa makopo machache ya rangi ya mafuta na siku nne. Mvua zikianza rangi inavimba, inabanduka, kisha watu wanasema wasanii wetu hawajui kazi. Kazi wanaijua. Kosa lilifanyika siku devi ya jengo, yaani makadirio ya gharama zake, ilipoandikwa bila mstari wa sanaa.

Ufaransa ilikata neno mwaka 1951, ikaanza na majengo ya shule na vyuo: asilimia 1 ya gharama ya ujenzi iende kwenye kazi ya sanaa. Hesabu hiyo inatufaa. Shule ya dola 200,000 inatoa dola 2,000, na pesa hizo zikitumiwa vizuri zinatosha ukuta mmoja wenye maana. Wachoraji nao hawakosekani. Mwaka huohuo wa 1951 Laurent Moonens alianzisha Akademia ya Sanaa katika jiji hili, lilipokuwa likiitwa Elisabethville, na miaka 5 kabla yake Pierre Romain-Desfossés alikuwa amefungua karakana walimotoka wachoraji Pilipili, Bela na Mwenze Kibwanga. Jiji lililomlea Bela, aliyechora kwa vidole vyake, halina sababu ya kutundika maturubai ya plastiki yaliyochapwa kwenye mageti ya ofisi zake.

Mchoraji akiwemo kwenye devi, anakutana na fundi mwashi mapema, na hapo ndipo kazi inapopona. Plasta mpya ya saruji ina ukali unaoigeuza rangi ya mafuta kuwa kitu cha kuteleza kama sabuni. Kwa hiyo ukuta usubiri siku 28 kwa uchache, na rangi iwe akriliki ya nje, ile inayochanganywa na maji. Kabla ya kupaka, bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 50 kwa 50, uizibe pande zote kwa utepe, uiache saa 24. Ukikuta matone ndani, ukuta bado umebeba maji. Ukiona chumvi nyeupe karibu na ardhi, unyevu unapanda kutoka kwenye msingi, na hakuna rangi ya bei yoyote itakayoshika hapo mpaka mwashi atibu msingi wenyewe.

Kwa sehemu ya kuchorwa ya mita 10 kwa 3, kadiria lita moja kwa mita za mraba 8 kila mkono wa rangi. Hiyo ni karibu lita 4 za rangi ya msingi, ile ya kwanza ya kushikisha, na lita 8 za rangi ya chini kwa mikono miwili, kabla hata ya rangi za mchoro. Ukuta unaotazama kusini ndio bora, maana hapa kwetu jua hupita upande wa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka. Ule wa magharibi huunguzwa na jua la alasiri, na nyekundu na njano za bei rahisi ndizo za kwanza kufifia. Rangi za udongo, yaani ngeu, njano ya udongo na kahawia, hudumu.

Plasta ipigwe mvua zinapokwisha, uchoraji ufanyike Juni hadi Agosti, Septemba wanafunzi waikute kazi imekauka. Lakini tahadhari na baridi ya Juni na Julai: akriliki haishiki vizuri chini ya nyuzi 10, na alfajiri za hapa hushuka kupita hapo. Anza jua likishapasha ukuta, acha kazi saa tisa alasiri.

Mita moja ya chini usiichore kabisa. Hapo kuna viatu, mipira na matope ya mvua. Weka vipande vya vigae vilivyovunjwa, kila ukingo usuguliwe kwa jiwe kabla ya kubandikwa, kwa sababu mkono wa mtoto wa darasa la kwanza utapita hapo kila siku.

Shaba iliyofuliwa ni fahari yetu, ila mahali pake ni ndani ya ukumbi. Nje itaibwa ikauzwe kwa kilo. Ikilazimu kuwa nje, iwe juu ya mita 3, bolti zipite ukuta hadi nyuma, na kipande cha mpira kitenganishe shaba na chuma chochote, la sivyo chuma kitaliwa na kutu upesi.

Kuhusu kuchagua, naona ni dhuluma kuwaomba wasanii kumi michoro ya bure. Chagua watatu kwa kazi zao za nyuma, walipe kila mmoja kwa mchoro wa kipimo cha 1 kwa 10. Prefe, yaani mkuu wa shule, mzazi, mwanafunzi, mhandisi na msanii asiyeshindana wakae pamoja waamue. Na tafadhali, msichore sura ya mtu aliye madarakani: akiondoka, ukuta unapakwa chokaa.

Malipo yawe asilimia 40 siku ya kusaini, 30 mchoro ukishahamia ukutani, 20 siku ya kupokea kazi, na 10 ya mwisho baada ya msimu mmoja wa mvua. Mkataba utaje ordonansi-sheria namba 86-033 ya 5 Aprili 1986 inayolinda haki za mwandishi na msanii, ili direkta mpya asije akaifuta kazi bila kumjulisha mwenye nayo.

Tenga pia sehemu ya kumi ya fedha kwa matunzo. Kila Mei ukuta uoshwe kwa maji, sabuni laini na brashi laini, bila klorini. Mchoraji aache nusu lita ya kila rangi ikiwa imefungwa vizuri, na karatasi inayoonyesha jinsi kila moja ilivyochanganywa, vyote viwekwe kwenye stoo ya shule.