Asiye na adrenalini mkobani asimchome mtoto wa mbwa

Watoto wa mbwa wengi katika miji yetu huchanjwa getini. Mwenye mbwa anapiga simu, mchanjaji anafika na bodaboda, anafungua boksi lake la barafu, anachoma, anabandika stika kwenye kadi, anapokea malipo na kuondoka. Kazi nzima haizidi dakika 10. Mtoto wa mbwa huweza kuanza kutapika na kulegea dakika 20 baadaye, simu ikaita bila kupokelewa kwa sababu mchanjaji yuko njiani kwenda kwa mteja mwingine.

Msimamo wangu ni huu: anayechoma chanjo bila adrenalini karibu, yaani dawa ya kumwokoa mnyama anayezimika kwa mzio wa chanjo, kisha asikae nusu saa kumwangalia mnyama, hajamaliza kazi aliyoitiwa. Mwenye mbwa ana haki ya kuuliza mapema: "Daktari, adrenalini unayo? Naomba niione." Kuuliza hivyo si kumkosea mtu heshima. Mchanjaji anayejua kazi yake ataitoa, atakuonyesha na tarehe yake ya mwisho wa matumizi.

Wapo wanaosikia habari za mzio wakaamua kuacha kuchanja kabisa, na hao wanakimbia mvua wakaingia mtoni. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005, uliohusu mbwa zaidi ya milioni 1.2 waliochanjwa kati ya 2002 na 2003, ulikuta kwamba mbwa 38 hivi katika kila 10,000 walipata tatizo la aina yoyote ndani ya siku 3 baada ya chanjo. Mshtuko wa mzio wenye kuua ulikuwa sehemu ndogo sana ya hao 38. Parvo isiyotibiwa (ugonjwa wa virusi wa kuharisha damu), kwa upande mwingine, huua watoto wa mbwa walio wengi inaowapata, na kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili hakina tiba, kwa mbwa wala kwa mtoto wako aliyeng'atwa naye. Kwa hiyo chanja. Tunachobishania hapa ni namna ya kuchanja.

Utafiti huohuo una jambo jingine ambalo wachanjaji wetu wangelifuata tungepunguza matatizo mengi. Mbwa wadogo wa mwili ndio waliopata shida zaidi, na kila chanjo iliyoongezwa siku hiyohiyo ilipandisha hatari kwa asilimia 27 kwa mbwa wa hadi kilo 10. Kwa wakubwa zaidi ongezeko lilikuwa asilimia 12. Sasa fikiria mtoto wa mbwa wa kilo 2 anayechomwa mchanganyiko wa distemper (ugonjwa mwingine wa virusi wa mbwa), parvo na homa ya mgunda (leptospirosis), hapohapo anaongezewa ya kichaa cha mbwa, eti mwenye mbwa asilipe nauli mara mbili. Kampeni ya umma kijijini ina sababu zake za kuchoma kila kitu kwa mkupuo, maana huenda mnyama yule asionekane tena hadi mwaka ujao. Mbwa wa nyumbani anayeweza kurudishwa baada ya wiki 3 hana sababu hiyo.

Kosa linalofuata ni kugawa dozi. Mtu anaona mnyama ni mdogo, anachoma nusu mililita badala ya moja. Chanjo ya mbwa haipimwi kwa uzito, kwani mtoto wa kilo 2 na mbwa wa kilo 40 hupewa kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye kichupa. Nusu dozi huenda isitoshe kuujengea mwili kinga, lakini kuamsha mzio inatosha kabisa.

Mzio wenyewe mara nyingi hautokani na kirusi kilichomo kwenye chanjo. Virusi vya chanjo huoteshwa kwenye seli zinazolishwa kwa majimaji ya damu ya ndama, na baadhi ya chanjo huongezewa jelatini au protini ya maziwa ili zisiharibike. Mabaki ya vitu hivyo ndiyo yanayozua shida. Watafiti wa Japani waliwapima mbwa waliopata mzio wa haraka baada ya chanjo wakakuta askari mwili wa aina ya IgE, wale wanaoamsha mzio, dhidi ya majimaji ya ndama. Hii inaeleza kwa nini mtoto wa mbwa anaweza kuchanjwa akiwa na wiki 8 bila tatizo, kisha akavimba uso akiwa na wiki 12. Dozi ya kwanza imeufundisha mwili, ya pili imeukuta tayari. Hata hivyo usilegee siku ya dozi ya kwanza, maana mzio hutokea hata hapo.

Sasa dalili. Mtoto wa mbwa aliyechanjwa leo akilala sana, akakataa chakula cha jioni, akawa na joto kidogo na kuumwa anapoguswa alipochomwa, hiyo ni kinga inafanya kazi yake. Mwache apumzike, ndani ya siku moja au mbili atakuwa sawa. Kivimbe kigumu mahali pa sindano nacho ni cha kawaida, hasa baada ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Kisipopungua baada ya wiki 3, au kikizidi kukua, apelekwe kwa daktari wa mifugo.

Mzio wa ngozi ni kitu kingine. Huanza kati ya dakika chache na saa kadhaa baada ya sindano, mara nyingi siku hiyohiyo. Kope hujaa hadi macho yanabaki mistari, midomo inaning'inia, pua inaonekana pana. Mwenye manyoya mafupi utaona manyoya yamesimama kwa mafungumafungu, na ukipitisha kiganja mgongoni unahisi vivimbe bapa chini yake. Mnyama anajikuna na kusugua uso sakafuni. Wengi wao hawafi, lakini safari ya kliniki ni ileile, kwa sababu huwezi kujua mapema nani ataishia usoni na nani ataendelea.

Mshtuko ndio unaoua, na katika mbwa unakuja kwa sura inayodanganya watu. Binadamu akipata mshtuko wa mzio tunatazamia koo libane na pumzi ikatike. Kwa mbwa, viungo vinavyopigwa kwanza ni ini na utumbo. Damu inatuama huko tumboni, shinikizo la damu linaanguka, na mnyama anatapika, anaharisha, pengine anaharisha damu, kisha miguu ya nyuma inakosa nguvu. Uso unaweza usivimbe hata kidogo. Mwenye mbwa anasema amekula kitu kibaya, anakaa kusubiri, na dakika za kumwokoa zinapita hivyohivyo.

Kipimo cha haraka ni fizi. Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba uwe mweupe, kisha achia. Rangi ya waridi inapaswa kurudi kabla ya sekunde 2. Ikichelewa, au ufizi wote ukiwa mweupe kama karatasi hata kabla hujabonyeza, hiyo ni dharura. Mbwa wetu wengi wa kienyeji wana fizi nyeusi na hapo kipimo hakisomeki, basi vuta kope la chini utazame wekundu wa ndani yake. Afadhali ufanye zoezi hili kabla ya sindano, ili ujue rangi yake ya kawaida.

Tiba ya mshtuko ni adrenalini, tena kwanza. Aya hii ni kwa wachanjaji, mwenye mbwa asijaribu mwenyewe. Ampuli ya kawaida ina miligramu 1 katika mililita 1. Dozi ya kuanzia ni miligramu 0.01 kwa kila kilo, ndani ya msuli wa paja. Mtoto wa mbwa wa kilo 3 anahitaji mililita 0.03, kiasi ambacho huwezi kukipima kwa bomba la mililita 2 au 5, na hapa ndipo mikono inayotetemeka inamzidishia mnyama dozi mara 10. Tumia bomba la insulini la yuniti 100, ambapo mililita 0.03 ni yuniti 3. Ama changanya mililita 0.1 ya adrenalini na mililita 0.9 ya maji ya chumvi ya dripu, kisha choma mililita 0.3 ya mchanganyiko huo. Hesabu ifanywe kabla ya kuchanja, iandikwe kwenye karatasi pamoja na uzito. Hali isipobadilika, dozi hurudiwa baada ya dakika 5 hadi 15, huku dripu ikiingia, mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa mkupuo, na mapigo yakipimwa tena baada ya kila mkupuo. Ampuli isikae juani, na dawa iliyogeuka rangi kuwa ya waridi au kahawia itupwe.

Wengi hukimbilia deksamethasoni, steroidi ya kupunguza uvimbe, na kuridhika. Deksamethasoni inachukua saa kadhaa kufanya kazi, haiwezi kupandisha shinikizo la damu la mnyama anayezimika sasa hivi. Piriton na wenzake nao wanapunguza vivimbe na muwasho, lakini hawamrudishi aliyeanguka. Kwa uso uliovimba tu, dawa hizo zina nafasi yake, daktari akipima. Baada ya hapo mnyama aangaliwe saa 24, kwa sababu uvimbe huweza kurudi dawa inapoisha nguvu.

Kwa aliye nyumbani naomba mambo mawili. La kwanza, usimpe dawa ya maji ya kikohozi kwa sababu umesoma kwamba ina difenhidramini, dawa ya mzio. Ndani ya chupa ileile kunaweza kuwa na vitu vingine visivyomfaa mbwa, na kama ina utamu wa xylitol unaweza kumuua. La pili, usimnyweshe maziwa. Tumezoea kuyatumia kwa kila kinachofanana na sumu, lakini mnyama aliyelegea hamezi vizuri, na maziwa yakiingia mapafuni unakuwa na ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Mlaze ubavu, shingo imenyooka, mfunike kanga, piga simu kliniki mkiwa tayari njiani.

Si kila kinachotokea baada ya sindano kimeletwa na sindano. Parvo hukaa mwilini siku 3 hadi 7 hivi kabla ya kuonekana. Mtoto wa mbwa aliyenunuliwa sokoni Jumamosi na kuchanjwa Jumatatu anaweza kuanza kuharisha damu Alhamisi, na lawama zote zikaenda kwa mchanjaji. Angalia saa: mshtuko wa mzio haungoji siku 3. Watoto wadogo sana waliosafirishwa na njaa nao huzimia kwa sukari kushuka, kwa hiyo apewe chakula kidogo kabla ya safari, na apimwe joto na minyoo kabla ya kuchomwa.

Aliyewahi kupata mzio hafutwi kwenye ratiba. Hubadilishiwa mpango. Chanjo zitenganishwe kwa wiki 2 hadi 4, moja kwa kila safari. Itafutwe ya mtengenezaji mwingine ikiwezekana. Dawa ya mzio inaweza kutangulizwa nusu saa kabla, ingawa haizuii mshtuko, na kwa mtu asiye makini inaleta utulivu wa uongo. Achomewe kliniki, asubuhi, akae hapo saa kadhaa. Napinga kabisa kuchanja jioni: uvimbe utatokea saa 4 usiku, na kliniki nyingi hapo zimeshafungwa.

Sehemu ya homa ya mgunda ndiyo mabishano yanapokuwa makali, kwa kuwa chanjo yake ni ya bakteria waliouawa na kwa muda mrefu imelaumiwa zaidi kwa mizio. Wengine hushauri iachwe. Kwa mbwa wa ghorofani asiyetoka, aliyewahi kupata mshtuko, ningekubali. Kwa mbwa wa uani anayekunywa maji ya mtaro na kuwinda panya, sikubaliani nao. Ugonjwa huo unapita kwenye mkojo wa wanyama na kumfikia binadamu, na watu wa Ruangwa mkoani Lindi walifiwa nao mwaka 2022. Ya kichaa cha mbwa haiachwi kirahisi, hata kwa mwenye historia ya mzio. Hutolewa peke yake, adrenalini ikiwa imeshavutwa ndani ya bomba.

Kadi ya chanjo nayo itazamwe upya. Stika peke yake haitoshi. Iandikwe upande wa mwili uliochomwa, saa ya kuchomwa, na uzito wa siku hiyo. Mzio ukitokea, iandikwe kwa wino mwekundu ni chanjo gani, ya nani, namba ya toleo, dalili ilianza baada ya dakika ngapi, na dawa gani ilimsaidia. Piga picha ya kadi na ya uso uliovimba, uzihifadhi kwenye simu, kwa sababu dozi inayofuata ni baada ya wiki 3 au 4, na huenda atakayekuja kuchoma siku hiyo akawa mtu mwingine.