Stima ya kungoja: ilipwe au iwe wajibu tu?

Tarehe 6 Septemba 2024, saa tatu asubuhi kasoro dakika nne, laini ya umeme ya Loiyangalani ilijizima pale kituo cha Suswa ikiwa imebeba megawati 288 za upepo wa Turkana, na kabla watu hawajajua kumetokea nini laini ya Ethiopia nayo ikaanguka na megawati zake 200. Jumla 488. Nchi yenyewe kilele chake cha matumizi kimepita 2,300 juzi tu mwaka 2025, kwa hiyo hapo ni kama sehemu moja ya tano imeng'oka kwa mpigo, na sehemu kubwa ya Kenya ikazima. Mwaka mmoja nyuma, Agosti 2023, ilikuwa Turkana tena, upepo ulikuwa unatoa karibu 270 ukatoka, giza hadi uwanja wa ndege wa JKIA. Na 2016 tumbili mmoja pale Gitaru, kituo cha umeme wa maji, aliangukia transfoma, zaidi ya megawati 180 zikapotea, nchi nzima kimya. Kila mara tunabishana laini ilikuwa ya nani na nani afutwe kazi, na swali ambalo kwangu ndilo lenyewe linapita hivi hivi: ni nani analipwa akae tayari kuongeza umeme kwa zile sekunde kumi za kwanza baada ya laini kuanguka?

Kwa ambaye hii habari ni ngeni, gridi yetu, yaani mtandao wa umeme wa nchi nzima, inazunguka kwa hezi 50, mara hamsini kila sekunde, ndiyo inaitwa frikwensi, na mitambo yote mikubwa inazunguka pamoja. Chukulia watu kumi wamebeba gogo begani, wawili wakaachia ghafla bila kusema, wale wanane magoti yanaanza kukunjika, na frikwensi ndiyo hayo magoti. Ikishuka sana mitambo iliyobaki inajitoa yenyewe ili isiharibike, mmoja baada ya mwingine, ndio unasikia blackout. Kuzuia hilo lazima kuwe na mtu ambaye alikuwa amebeba nusu ya nguvu zake makusudi, ili aongeze papo hapo. Hiyo nusu ambayo haijatumika ndiyo akiba tunayozungumzia.

Wapo wanaosema isilipiwe, na hoja zao si za kupuuza hata kidogo. Wanasema kanuni za gridi tayari zinataka kila mtambo uwe na gavana, yaani kile kidhibiti cha kasi, na kifanye kazi, sasa umlipe mtu kwa kutii sheria? Mwananchi tayari analalamika kila akinunua tokeni, na kwenye mikataba ya umeme kuna mitambo inayolipwa kwa kuwepo tu hata isipozalisha, ukiongeza malipo mengine juu yake utamweleza nini mama anayeuza samaki wa kukaanga pale Kongowea. Halafu kuna hili ambalo mimi naliona zito zaidi: wengine wanataka akiba hii inunuliwe kwa mnada wa kila siku, na mnada unahitaji wauzaji wengi. Kwetu KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, peke yake ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya umeme tunaotumia, na mitambo ya mabwawa ya Seven Forks kule mto Tana, inayoweza kupanda na kushuka haraka, inaiendesha yeye. Mnada wa kila siku wenye muuzaji mmoja mkubwa, bei ataiweka yeye.

Lakini ukimwambia bodaboda akungoje nje ya benki nusu saa, utamlipa ile nusu saa hata kama tairi haikuzunguka, maana kuna abiria aliowaacha. Mtambo ni vile vile. Megawati 30 zilizozuiwa pale Gitaru ni uniti ambazo hazikuuzwa leo, na kama mkataba unalipa uniti tu basi meneja yeyote mwenye akili atataka mashine ijae. Australia walilijua hili kwa njia ngumu. Walikuwa na soko la akiba la kupigiwa mfano, lakini ule mwitikio mdogo mdogo wa kila sekunde haukuwa na malipo, wenye mitambo wakalegeza magavana yao polepole na frikwensi ikaanza kuyumba, mpaka Machi 2020 ikabidi itoke amri kwamba kila mtambo mkubwa uitikie. Na amri peke yake haikutosha, 2025 wakaweka malipo na makato kulingana na nani anasaidia frikwensi na nani anaivuruga. Kwa hiyo anayesema wajibu unatosha na anayesema soko linatosha, wote wawili Australia imeshawajibu.

Uingereza nao wana lao. Agosti 9, 2019 radi ilipiga laini, mtambo wa upepo wa Hornsea na wa gesi wa Little Barford ikapunguka kwa pamoja, akiba ilikuwa megawati 1,000 na iliyopotea ikapita 1,500, frikwensi ikafika hezi 48.8 na wateja zaidi ya milioni moja wakakatwa na mitambo ya kinga ili nchi iliyobaki isianguke. Mwaka uliofuata wakaanzisha huduma mpya ambayo lazima itoe nguvu yote ndani ya sekunde moja, na aliyeweza kufanya hivyo ni betri. Mwanzoni walilipa pauni 17 kwa megawati kwa saa, betri zikajengwa kwa wingi, bei ikaporomoka. Kwa mlipa bili hiyo ni neema, kwa aliyekopa benki akitegemea 17 ni kilio. Sisi hatuna huo umati wa betri wa kushindana, na tukifungua mnada wa kila siku leo nadhani tutapata ile bei ya mwanzo bila ile ya baadaye.

Ndio maana mimi nakubaliana na malipo lakini siukubali mnada wa kila siku, angalau kwa sasa. Gavana ibaki wajibu kwa kila mtambo unaozunguka, na ipimwe kweli kweli, rekodi za kila tukio zitolewe hadharani. Ile huduma ya sekunde moja inunuliwe kwa zabuni moja ya wazi, mkataba wa miaka kadhaa, wa kwanza betri, kwa sababu upepo wa Turkana na laini ya Ethiopia vinaingia kwenye gridi kupitia vifaa vya elektroniki, haviongezi ule uzito wa mashine zinazozunguka unaozuia frikwensi kushuka ghafla, na maji ya bwawa yenyewe yanachukua sekunde kadhaa kuitikia mlango ukifunguliwa. Betri hiyo hiyo usiku wa manane, matumizi yakiwa yameshuka na mvuke wa ardhini wa Olkaria bado unakuja, inachaji. Watu wengi wanasahau kwamba akiba ni ya kupanda na ya kushuka, umeme ukizidi pia magoti yanatetemeka.

Na nani alipe? Hapa naona tunawaonea wateja wadogo. Ukubwa wa akiba unapangwa na kitu kikubwa kimoja kinachoweza kupotea kwa mpigo, sasa kama ni laini ya megawati 288 basi sehemu ya gharama iende kwa anayeitumia hiyo laini. Watu wa uwekezaji watasema hilo litafukuza wawekezaji wa upepo, na wana haki kuogopa, mkataba ulisainiwa zamani bila hicho kipengele na kuubadilisha katikati ni kuvunja neno. Basi kianze na mikataba mipya, ya zamani ibebwe na wote mpaka iishe.

Mpaka betri zije kuna dawa moja tu, ile laini kubwa ipunguzwe mzigo upepo ukivuma sana na mitambo ya mafuta kule Rabai na Kipevu iwashwe kujaza. Hayo mafuta nayo yanalipiwa, tena yanaingia kwenye bili, kwa hiyo hesabu ya haki ni kuweka bei ya betri kando ya bei ya hayo mafuta, sio kando ya sifuri.