Mahari ya Fainali ya Vyuo

Mtu na akili zake, ameshiba, kajilaza kwenye kochi, anauliza: "Kwani hiyo fainali ya vyuo vya Marekani si waipangie mji mmoja tu, waache kusumbua watu?" Halafu anarudi kwenye simu yake. Hasubiri hata jibu! Sasa jibu limenikaa mimi kooni kama mwiba wa perege, na nyie ndio mtakaonitolea.

Tuelewane kwanza, ndugu zangu. Fainali ya futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ile ya Jumatatu usiku mwezi Januari ambayo huku kwetu inaanza saa tisa na nusu usiku, wakati hata wezi wamesinzia, haipangiwi mji. Inaposwa. Na kama umewahi kupeleka posa kwenye nyumba inayojijua ina binti mzuri, sina haja ya kukuchosha. Kuna barua, kuna washenga, kuna kishika uchumba, kuna shangazi ambaye hakualikwa ila ndiye mwenye uamuzi. Tofauti ni moja tu. Kule jiji linatoa mahari, linalipia harusi, linalisha wageni, na kesho yake asubuhi bibi harusi anapanda ndege na wazazi wake, anakwenda kuolewa mji mwingine.

Na uchumba wenyewe ni wa miaka. Novemba 2017 walitangaza miji minne kwa mkupuo: Miami ya 2021, Indianapolis ya 2022, Los Angeles ya 2023, Houston ya 2024. Zaidi ya miaka sita mbele! Sisi wengine unga wa Ijumaa hatujui utatoka wapi.

Sasa sikia vituko. Mji unajulikana miaka hiyo yote, ila nani atakayecheza anajulikana siku kumi kabla. Msimu wa 2024 walipopanua mashindano yakawa ya timu 12, nusu fainali zilipigwa tarehe 9 na 10 Januari 2025, fainali tarehe 20, Atlanta. Siku kumi! Ndani ya siku hizo upake rangi na majina ya vyuo viwili kwenye ncha za uwanja, upokee timu mbili na bendi mbili, na mzazi kule kijijini Ohio atafute ndege, chumba na ruhusa kazini. Huku kwetu siku kumi hazitoshi hata kuchapa kadi za mchango.

Ndiyo maana mwaka 2019 walivuna aibu. Fainali waliipeleka Santa Clara, California. Waliofuzu? Alabama na Clemson, wote wa kusini mashariki, kila mmoja zaidi ya kilomita 3,000 kutoka uwanjani. Mashabiki wakapiga hesabu ya nauli, wakaona televisheni ya nyumbani haina kasoro. Bei za tiketi za mkono kwa mkono zikaporomoka kama nyanya za saa kumi na mbili jioni. Mwaka mmoja nyuma, Atlanta, ilikuwa kinyume: Georgia walifuzu, na chuo chao kiko Athens, saa moja na nusu hivi kwa gari. Tiketi zikawa moto, Rais naye akaja, ulinzi ukakaza, watu waliolipia pesa ndefu wakasimama foleni nje wananyeshewa. Posa ni ileile, binti ni yuleyule, bahati ndiyo inayotofautiana. Huwezi kuiandika kwenye mkataba.

"Si wachague sehemu ya katikati basi?" Haya, tuchague. Sharti la kwanza, uwanja wa watu 65,000 kwenda juu. Hapo miji mingi mizuri imeaga. Sharti la pili, ni Januari, kwa hiyo ama uwe na paa ama uwe na jua. Waliobaki wanahesabika. Sharti la tatu, uwanja ni wa timu ya kulipwa, na ligi ya kulipwa mwezi huo iko kwenye mtoano, kwa hiyo lazima mwenye nyumba akubali kupisha. Sharti la nne, hoteli ziwe tupu. Las Vegas kila mwanzo wa Januari ina maonyesho yale ya vifaa vya elektroniki, CES, vyumba vimejaa mpaka stoo. Fainali ilipokuwa wiki ya pili ya mwezi ilikuwa shida. Sasa imesogea mbele, na Las Vegas wamepata, tarehe 25 Januari 2027. Ukimaliza kuchuja unabaki na majina yaleyale yanazunguka kama wajumbe wa kamati ya harusi: Atlanta 2018 na tena 2025, Miami 2021 na tena 2026. Na hiyo ya 2026 Miami wenyewe wakafuzu, wakacheza kwenye uwanja wao wa nyumbani, wakafungwa na Indiana 27 kwa 21. Unaandaa harusi kwako, halafu mwali anachukuliwa na mgeni.

Lakini posa yenyewe, ukitaka kuiona kwa karibu, hamia kwenye mpira wa kikapu, zile mechi za timu nne za mwisho wanazoziita Final Four. Pale kuna mjomba mkali zaidi. Maneno ya kikao hiki nimeyatia mimi midomoni mwao, lakini madai ni ya kweli, na jiji ni Minneapolis, waliopewa fainali za 2019 mwaka 2014, uwanja wenyewe bado unajengwa.

Mkaguzi wa NCAA, chama kinachoendesha michezo ya vyuo Marekani, anaingia, kalamu sikioni. Mshenga wa jiji yuko mlangoni, tai imenyooka, meno yote nje.

"Karibu mzee wangu, karibu sana. Huu ndio uwanja wetu. Zaidi ya dola bilioni moja. Hebu inua macho uone paa. Sehemu kubwa ni plastiki angavu. Theluji inabaki nje, jua linaingia ndani. Mtu amekaa kwenye kiti anajiona yuko bustanini."

"Zuri sana," anasema Mkaguzi, anaandika. "Mtalizimaje?"

"Tutazima nini, mzee?"

"Jua."

Mshenga anacheka. Anaangalia kushoto na kulia apate wa kucheka naye. Hakuna.

"Mzee, jua ni la Mungu."

"Sina ugomvi naye. Nusu fainali ya kwanza inaanza saa kumi na moja jioni, mwezi wa nne. Huku jua linazama karibu saa mbili usiku. Kijana anaruka kutupa mpira, mwanga umemjaa machoni. Kamera inaonyesha nusu ya uwanja nyeupe kama unga, nusu nyeusi kama masizi. Nataka giza."

"Tuweke pazia?"

"Paa lote."

"Paa lote..."

"Na ile milango ya vioo pale."

"Mzee, ile milango ni mitano, na kila mmoja mrefu kama ghorofa!"

"Basi ni mapazia marefu matano."

Na wakaweka, jamani. Mamilioni ya dola. Watu wamejenga nyumba ya kuingiza mwanga, wakanunua tena kitambaa cha kuutoa. Ni kama fundi akuwekee vigae sebuleni, mkwe aje aseme anapendelea sakafu ya udongo.

Unadhani kikao kimeisha? Mkaguzi ndiyo kwanza anageuza ukurasa.

"Kiwanja cha kikapu mtakitandika wapi?"

"Kule pembeni, mzee, karibu na majukwaa, ili watu waone vizuri."

"Katikati."

Tangu Detroit 2009 ni katikati, kwa sababu ukikiweka kona unapoteza viti nusu nzima. Sasa kiwanja cha kikapu kina urefu wa futi 94 na upana wa futi 50, kama mita 29 kwa 15. Ukikiweka katikati ya uwanja wa futiboli kinakaa kama mkeka kwenye uwanja wa gwaride. Aliye juu kabisa haoni mtu, anaona chawa wanakimbizana. Kwa hiyo kinainuliwa juu ya jukwaa. Mbao ni mpya kila mwaka, za mti wa maple, zinakuja kwa vipande kwenye malori na kuungwa kimoja kimoja. Mashindano yakiisha, mara nyingi chuo bingwa kinanunua ile sakafu na kuondoka nayo. Na kwa kuwa kiwanja kimeinuliwa, benchi la wachezaji linabaki chini. Kocha anapewa kigoda juu ya mbao, wachezaji wake wa akiba wanachungulia kutoka chini kama watoto wanaotazama televisheni dirishani kwa jirani. Mtu amelipia, yuko ndani ya uwanja, na bado anatazama mechi kwenye skrini ya juu!

"Vyumba?" anauliza Mkaguzi.

Hapa Mshenga anapata nguvu. "Vyumba tunavyo, mzee."

"Elfu kumi. Vya hoteli kamili, si vya kando ya barabara kuu."

"...Elfu kumi."

"Na hoteli nne za timu, zisikae pamoja. Na makocha wa nchi nzima wana mkutano wao wiki hiyohiyo, nao walale. Bei tuandikiane leo."

Hapo ndipo posa nyingi zinapofia, si uwanjani. Mwenye hoteli anakumbuka kwamba wiki ya fainali anaweza kuuza chumba kwa bei ya kiwanja cha Kigamboni, na kumlazimisha mgeni alipie usiku tatu hata kama analala mmoja. Wewe unamwambia afungie vyumba vyake kwa bei ya leo, miaka mitano kabla. Ataachia mia mbili badala ya mia nne. Wa pili akisikia mwenzake kaachia mia mbili, anaachia mia na hamsini. Mshenga anazunguka hoteli kwa hoteli, anabembeleza, anakumbusha undugu, mpaka zitimie. Moja ikijitoa mwaka wa tatu, hesabu yote inaanza upya, na Mkaguzi anapiga simu kila mwezi kuuliza hali, kwa sauti ileile ya upole.

Na bado hao ni wapole. Kaka yao mkubwa, ligi ya kulipwa NFL, madai yake kwa Minneapolis kuhusu fainali ya 2018 yalivuja kwenye gazeti mwaka 2014: kurasa 153. Maegesho 35,000 bure. Viwanja vitatu vya gofu bure, na kumbi mbili za kurusha tufe zile za pini, bure. Simu zisiposhika mtandao vizuri kwenye hoteli za timu, jiji lilete minara ya kubebeka. Mnara! Kwetu mtu anapanda mwembe kutuma ujumbe, na hakuna kamati iliyowahi kukaa.

Haya, nani analipa? Mara nyingi ni kodi ya vyumba vya hoteli, pamoja na wafadhili. Texas wana mfuko wa serikali wa kurudishia jiji gharama kwa makadirio ya kodi itakayoongezeka. Makadirio! Wakubwa wa jiji wanasimama mbele ya kipaza sauti wanataja mamia ya mamilioni yatakayoingia. Mchumi Victor Matheson wa Chuo cha Holy Cross, ambaye miaka mingi amepima hesabu hizi na mwenzake Robert Baade, ushauri wake ni kwamba chukua hiyo namba, sogeza nukta ya desimali hatua moja kushoto. Milioni mia inabaki kumi. Kwa sababu mgeni wa fainali amelala kwenye chumba ambacho angelala mgeni mwingine, mwenyeji aliyekuwa atoke kwenda kula amejifungia ndani kuogopa foleni, na faida ya hoteli imekwenda makao makuu, mji mwingine kabisa. Tunaobaki na mji tunabaki na vizuizi vya barabarani. Shimo la miaka mitatu mbele ya hoteli ya wageni lilizibwa usiku mmoja. Letu la mtaani bado lipo.

Wakati mwingine binti anakuja kuchukuliwa kabisa: Septemba 2016 NCAA waliondoa mashindano saba ya ubingwa North Carolina kwa sababu ya sheria ya vyoo ya jimbo hilo, iliyotaka mtu atumie choo cha umma cha jinsia iliyo kwenye cheti chake cha kuzaliwa. Omaha ndio waliotulia. Fainali za besiboli ya vyuo ziko kwao tangu 1950, hakuna posa ya kila mwaka, ni ndoa ya wazee.

Halafu kuna ile ya Los Angeles, 2023. Shabiki wa futiboli ya vyuo bila kuchoma nyama nyuma ya gari kwenye maegesho ni kama pilau bila nyama. Mji ukapewa, uwanja wa SoFi wa mabilioni, na maegeshoni kuchoma nyama marufuku! Georgia wakawapiga TCU, chuo cha kule Texas, 65 kwa 7, na aliyekuwa na akili kati yao wote ni Uga, mbwa wa nembo wa Georgia, yule bulldog mweupe. Yeye hakwenda. Alikuwa mzee, safari ndefu, akabaki kwao.

Na hatumlaumu. Pale Athens alikuwa na kibanda chenye kiyoyozi, ndani ya uwanja. Joto lilipozidi aliwekewa mifuko ya barafu akae juu yake. Waliomtangulia wamezikwa humohumo uwanjani, kwenye makaburi ya marumaru, kila mmoja na maneno yake ukutani. Mbwa! Marumaru! Babu yetu pale kijijini kaburi lake tulichangishana saruji mifuko minne, miwili ikapotelea njiani, na shangazi mpaka leo anasema anajua nani aliyeichukua. Hebu nani ana namba ya yule fundi feni? Luku imebaki uniti nne na hili joto halina mkaguzi wa kulizima.