Siku Kitty Wells Alipoota Ndevu

Wasikilizaji wa muziki wa country, ule wa Marekani, hapa Bonde la Ufa hawana mchezo. Sindano ikiteleza tu, simu ya studio inalia.

Jumapili hiyo nilipanga santuri mbili zifuatane, zote za 1952. Kwanza Hank Thompson na "The Wild Side of Life", akimlilia mke aliyemkimbia akarudia baa. Kisha jibu la Kitty Wells, "It Wasn't God Who Made Honky Tonk Angels": wanaume ndio wanaoanza. Nikammwagia mama sifa hewani: mwanamke wa kwanza kushika peke yake namba moja ya country kwenye chati ya jarida la Billboard, wimbo wenyewe redio ya NBC ya Marekani iliupiga marufuku, na inasemekana alikwenda kuurekodi akifuata tu ujira wa dola 125. "Sasa msikieni mama mwenyewe!"

Ikatoka sauti ya baba.

Mashine yetu ya santuri ilikuwa ya mkanda wa mpira. Puli ya mota ina ngazi mbili: nene huzungusha sahani mara 45 kwa dakika, mwendo wa santuri hizo, nyembamba mara 33 na theluthi. Mkanda ukichakaa hulegea, na wetu ulishuka ngazi wenyewe huku swichi ikisoma 45 bila haya. Kwa mwendo huo sauti hushuka zaidi ya noti tano za piano, nyeusi zikihesabiwa, na wimbo wa dakika mbili na nusu hujivuta hadi tatu na ushei. Gitaa la stili nalo likawa linakoroma.

Balaa zaidi, nyimbo hizo mbili zina tuni moja, ya kale kuliko waimbaji wote wawili. Kwa hiyo simu ya kwanza: "Mtangazaji, mbona unaturudishia yuleyule Hank? Tena leo amelewa?"

Ya pili, mama mmoja: "Kijana, huyo Kitty mmempeleka hospitali?"

Fundi akainua sahani, akafuta puli kwa spiriti, akavisha mkanda wa akiba kwenye ngazi nene. Alivizia vidoti vya ukingoni mwa sahani mpaka vikaonekana vimesimama chini ya taa, ishara kwamba mwendo ni sawa, ndipo akaniinulia dole gumba. Nikaurudia wimbo, safari hii Kitty akiwa Kitty.

Simu ikalia. Mzee wa Molo, amekasirika: "Bwana Kitty alikuwa anaimba vizuri. Huyu mwanamke anayemuiga mmemtoa wapi?"